Shibe Haikai Tumboni: Historia ya Jeni Moja na Lawama Zetu

Sisi wapenzi wa hadithi tuna mazoea ya kuusoma mwili wa mhusika kabla hatujasikiliza anasema nini. Kaizari wa Shakespeare, ambaye wengi wetu tunamfahamu kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, anamtilia shaka Cassius kwa sababu amekonda; wanene ndio anaotaka wawe karibu naye. Dante, katika Jehanamu yake, amewatupa walafi kwenye duara la tatu, wamelala topeni, mvua baridi inawapiga bila kukoma. Na Charles Dickens, katika The Pickwick Papers ya mwaka 1836 na 1837, ametuletea Joe, kijana mnene ambaye shughuli zake kubwa ni mbili: kula na kusinzia. Watu wamemcheka Joe kwa karibu miaka mia mbili sasa.

Lakini mwaka 1956 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Sidney Burwell, walichapisha habari za mgonjwa wao mmoja. Alikuwa mtu mnene sana aliyepitiwa na usingizi mchana kweupe, kwa sababu hakuwa akipumua vya kutosha na hewa ya ukaa ilikuwa ikimjaa kwenye damu. Hali hiyo ilihitaji jina, na jina likatoka kwa Dickens: wakaiita ugonjwa wa Pickwick. Kumbe yule Joe hakuwa mvivu. Alikuwa na dalili zote za mgonjwa, na sisi tulikuwa tunacheka.

Nimeanza na Joe kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia inafanana na yake. Ni historia ya jeni moja inayofanya kazi ndani ya mafuta ya mwili, na ya namna ilivyolihamisha swali la unene kutoka kwenye tabia hadi kwenye damu. Mimi si daktari, ni msomaji tu. Ila naamini historia ya sayansi ni mali ya wasomaji pia, hasa inapogusa maneno tunayotumia kuwahukumu wenzetu.

Na maneno hayo tunayo. Mbuzi hunona, mtoto hunawiri, mtu mzima hunenepa. Kitambi cha baba mwenye nyumba kimesomwa miaka mingi kama taarifa ya benki: huyu ana pesa. Kukonda ghafla nako kulikuwa na tafsiri yake; katika miaka ya themanini, UKIMWI ulipoingia na Waganda wakauita "Slim", wembamba ukageuka tangazo la msiba. Leo mambo yamepinduka tena. Mjini, bonge anachekwa waziwazi, halafu anapewa ushauri ambao hakuuomba: punguza wali, acha chapati, amka ukimbie. Iwe ni sifa au kejeli, imani iliyo chini yake ni ileile. Tunaamini mwili wa mtu ni matokeo ya maamuzi yake. Amekula, ndiyo maana yuko hivyo. Hajizuii, basi.

Tuna pia methali isemayo mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tumezoea kuitumia kwa tajiri na maskini. Naomba msomaji aiweke pembeni kidogo, tutaihitaji.

Panya wa Bar Harbor

Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna kisiwa chenye mji mdogo uitwao Bar Harbor. Hapo ndipo ilipo Jackson Laboratory, maabara iliyoanzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya kuzalisha panya na kuchunguza urithi wao. Panya hao huzalishwa ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka wanafanana kama mapacha. Faida yake ni hii: mmoja akizaliwa tofauti, anaonekana mara moja, na unaweza kuamini kwamba tofauti hiyo ina sababu. Oktoba 1947 moto mkubwa ulipita kisiwani ukaunguza sehemu kubwa ya maabara pamoja na panya wake. Watafiti wa kwingineko, ambao zamani walipewa panya kutoka Bar Harbor, wakarudisha uzao wao, na kazi ikaanza upya.

Miaka miwili baadaye, katika kiangazi cha 1949, akaonekana panya aliyekuwa akinenepa kuliko ndugu zake. Mwaka 1950 Ann Ingalls, Margaret Dickie na George Snell waliandika habari zake. Wazazi wake walikuwa na umbo la kawaida. Kulikuwa na jeni fulani iliyoharibika ambayo mtoto alipaswa kuirithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, ndipo unene utokee. Wakaipa jina la herufi mbili tu, ob, kutoka neno la Kiingereza la unene wa kupindukia.

Panya wa ob walifikia uzito mara tatu ya wenzao. Walikula kana kwamba chakula hakiwafikii. Hawakupenda kutembea na kwa kawaida hawakuzaa. Mtu angeweza kuwatazama akaona picha kamili ya ulafi na uvivu, dhambi mbili ndani ya ngozi moja. Lakini panya hana malezi mabaya. Hana bibi anayemdekeza kwa maandazi, wala hajaona tangazo la soda. Aliishi maisha yaleyale na ndugu zake na kula chakula kilekile. Leo tunajua tofauti yao ilikuwa nini: herufi moja ya maandishi ya urithi, imebadilika mahali pasipotakiwa, na sentensi nzima ikakatika katikati.

Mwaka 1949, hata hivyo, hakuna aliyejua sentensi hiyo ilikuwa inasema nini.

Damu inayobeba habari

Swali la nani anayeuambia mwili "inatosha" lilikuwa limeshaanza kuulizwa. Mwaka 1940 Albert Hetherington na Stephen Ranson walionyesha kwamba ukiharibu eneo dogo chini ya ubongo, liitwalo haipothalamasi, panya buku hunenepa kupita kiasi. Mwaka 1953 Mwingereza Gordon Kennedy alipendekeza kwamba mafuta ya mwili yenyewe huenda yanatuma habari kwenye ubongo, yakieleza akiba iliyopo ni kiasi gani. Mwaka 1959 Mwingereza mwingine, G. R. Hervey, akaunganisha panya buku wawili ili wachangie damu, mmoja wao akiwa ameharibiwa haipothalamasi. Aliyeharibiwa akanenepa, na mwenzake mzima akakonda, kana kwamba kuna amri iliyopitia kwenye damu ikimwambia aache kula.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu tuna neno akiba na tunalijua uzito wake. Akiba haiozi, tunasema. Mafuta ya mwili ndiyo ghala. Kennedy alikuwa anauliza kama ghala lina mtunzaji anayepeleka taarifa kwa mwenye nyumba.

Mkanada Douglas Coleman alifika Bar Harbor mwaka 1958 akikusudia kukaa mwaka mmoja au miwili. Akakaa mpaka alipostaafu mwaka 1991. Mwaka 1966 yeye, Katharine Hummel na Margaret Dickie walitangaza panya wa pili wa ajabu, aliyeitwa db kwa sababu ya kisukari chake kikali. Kwa macho, db na ob walifanana: wanene, wenye njaa isiyoisha. Lakini jeni zao zilikuwa mbili tofauti, katika kromosomu mbili tofauti.

Coleman akafanya kama Hervey. Aliwaunganisha panya ubavu kwa ubavu, ngozi kwa ngozi, mpaka mishipa midogo ya damu ikakutana. Ni jaribio la kikatili na sitalipamba. Panya wengi walikufa. Lakini namna walivyokufa ndiyo iliyotoa jibu.

Alipomuunganisha db na panya wa kawaida, yule wa kawaida aliacha kula akafa kwa njaa, huku db akiendelea kunenepa. Alipomuunganisha ob na panya wa kawaida, ob alipunguza kula na yule wa kawaida hakudhurika. Kisha akamuunganisha db na ob, mnene kwa mnene. Hapo ob, panya aliyejulikana kwa kula bila kikomo, aliacha chakula, akakonda, akafa. Db akaendelea kunenepa kama kawaida.

Hebu fikiria matokeo hayo kama mtu anayefumbua kitendawili. Damu ya db imejaa amri ya kuacha kula, imejaa kiasi cha kumuua jirani, lakini db mwenyewe haisikii. Ob anaisikia vizuri kabisa, ila hana uwezo wa kuitengeneza. Mmoja amekosa barua, mwingine amekosa macho ya kuisomea. Coleman aliyaandika haya kati ya 1969 na 1973, na kwa msomaji wa leo hoja yake inaonekana kama haina pa kupingwa.

Ilipingwa. Wengi walishikilia kwamba unene ni jambo la tabia, na kwamba kuutafutia homoni ni kupoteza muda. Coleman naye hakuweza kuionyesha homoni yenyewe, kwa sababu ilikuwa kwenye damu kwa kiasi kidogo mno na vifaa vya wakati ule havikuweza kuipata. Akabaki na mantiki bila kielelezo mkononi. Mimi nadhani hii ni sehemu muhimu ya historia hii: ushahidi ulikuwepo kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini lawama ilikuwa imeshazoeleka kuliko ushahidi.

Alfajiri ya Jumapili

Mwaka 1979 Rosalyn Yalow, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, pamoja na Eugene Straus, walidai kwamba kinachokosekana kwa panya ob ni homoni nyingine iliyokuwa ikijulikana, kolesistokinini. Wazo hilo halikudumu. Lakini lilimvuta kijana mmoja, daktari Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kwenye swali lenyewe. Jeni ya kolesistokinini ilipoonekana haiko kwenye kromosomu ya 6, ilipo ob, Friedman akaamua mwaka 1986 kuisaka ob yenyewe, popote ilipojificha.

Zana za wakati huo zilikuwa duni ukilinganisha na za leo. Maandishi yote ya urithi ya panya hayakuwa yamesomwa bado. Chukua mfano wa mtu anayetafuta kosa moja la uchapaji katika maktaba kubwa, asijue liko kitabu gani wala linasemaje. Anachoweza ni kubaini kwanza rafu, kisha kabati, kisha ukurasa. Friedman na wenzake walizalisha panya kwa mamia, wakifuatilia ni kipande gani cha kromosomu kinachoandamana na unene kizazi hadi kizazi, na kila mara kipande kikipungua kidogo. Kazi hiyo ilichukua miaka minane.

Alfajiri ya Jumapili, Mei 8, 1994, Friedman alisafisha filamu ya jaribio moja maabarani. Alikuwa na mgombea: jeni ambayo, kati ya viungo vyote, ilikuwa ikifanya kazi kwenye mafuta. Kulikuwa na nasaba mbili za panya ob. Katika nasaba moja, ujumbe wa jeni hiyo haukuwepo kabisa. Katika nyingine, ujumbe ulikuwepo kwa wingi, karibu mara ishirini ya kawaida, lakini ulikuwa na kosa linaloukata katikati; mwili ulikuwa unapiga kelele kwa neno ambalo halikamiliki. Nasaba mbili, namna mbili za kuharibika, jeni moja. Akajua amefika.

Makala ilitoka katika jarida la Nature, Desemba 1, 1994, mwandishi wa kwanza akiwa Yiying Zhang. Jeni hiyo hutengeneza protini ya asidi amino 167, ambayo hukatwa kipande kidogo kisha ikatolewa kwenye damu. Na binadamu tunayo jeni inayofanana nayo sana, kwenye kromosomu ya 7. Friedman aliiita protini hiyo leptini, kutoka neno la Kigiriki leptos, yaani -embamba. Jina zuri, na kama tutakavyoona, jina lililoahidi kuliko lilivyoweza kutimiza. Rudolph Leibel, aliyeshirikiana na Friedman tangu siku za mwanzo za msako, hakuwemo kwenye orodha ya waandishi, na mvutano kuhusu nani anastahili sifa gani umeandikwa sana tangu hapo. Sayansi nayo ina mirathi yake na ndugu wanaogombana.

Kilichonishangaza mimi si ugomvi huo bali mahali jeni ilipokutwa. Kwa vizazi vingi mafuta yalidhaniwa kuwa kitu kimelala tu, mzigo, gunia. Kumbe yanazungumza. Tishu ya mafuta hutoa homoni, na ubongo husikiliza. Yule mtunza ghala wa Kennedy alikuwepo muda wote.

Dola milioni ishirini

Mwaka 1995 kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 kupata haki ya kuitumia leptini. Julai mwaka huo makala tatu zilitoka katika toleo moja la jarida la Science. Panya ob waliochomwa sindano za leptini kila siku walipoteza karibu asilimia 30 ya uzito wao kwa wiki mbili. Panya db hawakubadilika hata kidogo, sawasawa na alivyosema Coleman miaka zaidi ya ishirini kabla. Picha ya panya wawili, mmoja duara na mwingine mwembamba, ikasambaa magazetini. Watu wakaanza kungoja sindano ya kukondesha.

Haikuja. Watafiti walipopima damu ya binadamu wanene, walikuta leptini imejaa tele. Makala ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba kwa wastani walikuwa na leptini mara nne ya watu wa uzito wa kawaida. Kwa maneno ya Bar Harbor, wanene wengi hawakuwa ob. Walikuwa karibu zaidi na db: barua zinafika kwa wingi, ubongo hauzitilii maanani. Wataalamu wanaita ukinzani wa leptini. Jaribio la mwaka 1999 la kuwachoma wanene leptini ya ziada lilileta matokeo madogo yenye kutofautiana. Wengine walipungua kiasi, wengine karibu hakuna.

Kwa mwenye hisa, hadithi ingeishia hapo. Kwangu mimi ndipo inapoanza kuwa na maana.

Watoto wawili

Juni 1997 kundi la watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakiwemo Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi, lilieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistani. Msichana alikuwa na miaka minane na uzito wa kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka miwili na kilo 29. Wote walizaliwa na uzito wa kawaida, kisha wakaanza kunenepa miezi michache baada ya kuzaliwa, wakiwa na njaa isiyotulizika. Damu yao ilikuwa karibu haina leptini kabisa. Walikuwa ob, ila binadamu.

Tafakari maisha yao kabla ya kipimo hicho. Mtoto anakula, anamaliza, analia anataka tena. Anaamka usiku kutafuta chakula. Wazazi wakimnyima wanaonekana wakatili, wakimpa wanaonekana wazembe. Jirani ana maoni, shangazi ana maoni, daktari ana karatasi ya mlo. Na mtoto mwenyewe anasikia yote. Wakati huo wote, ndani ya mwili wake, ubongo unapokea taarifa moja tu: ghala ni tupu, tunakufa njaa. Ghala limefurika, lakini hakuna wa kuleta habari.

Hapo ndipo methali yetu inapofanya kazi ambayo hatukuizoea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama wamekaa mkeka mmoja na wamekula sinia moja. Shibe haikai tumboni peke yake. Inakaa pia kwenye habari, na habari inaweza kukosekana wakati tumbo limejaa.

Mwaka 1999 Farooqi na wenzake walitoa taarifa ya matibabu ya yule msichana. Alikuwa na miaka tisa na kilo 94.4. Alichomwa leptini kila siku kwa mwaka mmoja, akapungua kilo 16.4, karibu zote zikiwa mafuta. Lakini mizani haisemi yote. Njaa yake ilitulia. Hakuna aliyempa nidhamu mpya, wala mawaidha, wala kiboko. Alipewa protini aliyokosa, na ule "ulafi" ukaondoka, kama homa inavyoondoka malaria ikitibiwa. Kama tabia ingekuwa ndiyo chanzo, sindano ingewezaje kuitibu?

Watoto wa namna hiyo ni wachache sana duniani, na mtu anaweza kusema kesi adimu haithibitishi kitu. Sikubaliani. Kesi adimu ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana: kwamba hamu ya kula, kitu tunachokiona kuwa chetu kabisa na cha hiari kabisa, inaweza kuendeshwa na kitu ambacho hatukukichagua. Baada ya hapo huwezi tena kumtazama mtu yeyote mnene ukasema kwa uhakika kwamba unajua sababu.

Na uhakika huo una gharama. Mwaka 2009 kundi la Farooqi lilichapisha utafiti wa watoto 300 wenye unene wa kupindukia. Baadhi yao walikuwa wamepoteza kipande cha kromosomu ya 16, mahali penye jeni inayousaidia ubongo kuitikia leptini. Kati yao walikuwemo watoto ambao ustawi wa jamii wa Uingereza ulishawaweka kwenye orodha ya watoto walio hatarini, kwa dhana kwamba wazazi wanawalisha kupita kiasi kwa makusudi. Matokeo ya uchunguzi yalipotoka, wakaondolewa kwenye orodha hiyo. Fikiria mzazi anayeitwa mbele ya maofisa kujieleza kwa kosa ambalo limeandikwa kwenye kromosomu. Lawama yetu ya mdomoni, ikipewa muhuri wa serikali, inaweza kumtenganisha mtoto na mama yake.

Tusivuke mpaka

Je, basi kila unene ni jeni, na chakula hakina neno? La. Jeni zetu hazikubadilika ndani ya miaka hamsini, lakini vyakula, kazi na miji yetu imebadilika, na unene umeongezeka. Mazingira yana nguvu. Ila ndani ya mazingira yaleyale, watu hawanenepi sawa. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili, wakakuta miili yao inafuata ya wazazi waliowazaa, si ya waliowalea na kuwapikia. Mwaka 2007 ikaja jeni nyingine, FTO, katika utafiti wa watu zaidi ya 38,000. Waliorithi nakala mbili za aina fulani ya jeni hiyo, karibu asilimia 16 ya watu wazima wa asili ya Ulaya waliochunguzwa, walikuwa na uzito wa kilo tatu hivi zaidi ya wasio nayo. Kilo tatu si kitu cha kutisha, wala si hukumu ya maisha. Ni msukumo mdogo, na kuna jeni nyingine nyingi zenye misukumo midogo kama huo.

Leptini yenyewe imepata tafsiri mpya. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba panya anapofunga chakula leptini yake hushuka, na kushuka huko kunauamuru mwili ubane matumizi: uzazi unasimama, nguvu zinawekwa akiba. Kwa hiyo inawezekana kazi yake kubwa si kuzuia unene bali kutangaza njaa. Mwili wetu unaogopa ukame kuliko unavyoogopa karamu. Anayejaribu kupungua anapigana na mlinzi aliyewekwa hapo kumwokoa babu yake.

Na dawa ikapata wagonjwa wake, ingawa si wale waliotarajiwa. Kuna watu wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta, au wanaoipoteza baadaye. Kwa kukosa ghala, mafuta hujaa kwenye ini na damu, na kisukari kikali hufuata. Februari 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha leptini iliyotengenezwa kwa ajili yao. Dawa iliyosubiriwa na wanene ikawafaa waliokonda kupita kiasi. Miezi miwili baadaye, Aprili 2014, Coleman alifariki. Alikuwa ameshapokea Tuzo ya Lasker mwaka 2010, pamoja na Friedman: mmoja aliyejua kwamba barua ipo, na mwingine aliyeiona.

Kwetu sisi tunaosoma na kuandika, naona kazi iliyobaki ni ya lugha. Mwandishi anapohitaji mhusika mlafi, mvivu au mla rushwa, kalamu inakimbilia kitambi, kwa sababu ni rahisi na msomaji anaelewa haraka. Anaelewa haraka kwa sababu alishahukumu kabla ya kufungua kitabu. Sisemi wanene wote waandikwe malaika. Nasema unene usifanywe ushahidi. Mla rushwa athibitishwe kwa rushwa yake. Na mtoto anayeomba sahani ya tatu, kabla hatujamwita mlafi, tukumbuke kwamba huenda anasema kweli: ana njaa.